Ndama apate sindano, aliyemshika apate nini?

Mvua za kwanza zikishaanza kunyesha Mpanda, maduka ya dawa za mifugo hujaa wateja. Mimi naishi Majengo, na shughuli zangu za mjini hunipitisha kwenye maduka hayo mara kwa mara, hata nimezoea kutazama mikono ya watu wanaosimama kaunta. Huyu kafunga kidole gumba kwa kipande cha kitambaa. Yule kiganja kimechunwa na kamba, kimebaki chekundu. Mama mmoja anafungua fundo la kanga kwa mkono wa kushoto na meno, maana wa kulia haunyanyuki. Muuzaji anauliza maswali mazuri kabisa: ndama ana umri gani, ana uzito gani, ameanza kuhara lini, kinyesi kina damu? Anapima dawa, anaeleza namna ya kuitumia, anapokea fedha. Sijawahi kumsikia akiuliza mkono umepatwa na nini. Wenye mikono nao hawasemi. Ukiwadadisi, wanacheka: "Ah, kandama tu haka kamenivuta."

Msimamo wangu nauweka mapema. Kumshika ndama ni miongoni mwa kazi nzito kuliko zote katika kaya ya mfugaji, lakini tumeigawa kwa wale wenye nguvu ndogo: watoto, kina mama na kijana wa kuchunga aliyeajiriwa juzi. Na sehemu kubwa ya uzito huo ndama mwenyewe hana hatia nayo. Inatoka kwa mwenye ng'ombe ambaye anazo fedha za kuongeza mtamba mwingine zizini, lakini hana, kwa maneno yake, fedha za nguzo nane, fito chache na kamba nzuri. Kaya yenye ng'ombe ishirini isiyo na kibanio, ile njia nyembamba ya miti ya kumbana mnyama atulie, imeshaamua kulipa gharama ya kibanio hicho kwa migongo ya watu wake.

Kabla ya kengele ya shule

Asiyefuga anaweza kudhani kazi ya ndama ni kumlisha na kumtazama akirukaruka. Ngoja nieleze asubuhi moja ya kawaida katika boma lenye ng'ombe wa asili.

Ng'ombe wetu wa asili hashushi maziwa kwa kuombwa. Anamtaka mwanawe. Kwa hiyo ndama hufunguliwa, anakimbilia kiwele, ananyonya kidogo mpaka maziwa yashuke, halafu anang'olewa kwenye chuchu kwa nguvu na kufungwa karibu na miguu ya mbele ya mama yake, au kushikiliwa kando wakati mkamuaji anakamua. Maziwa yakikatika, anaachiwa tena ili ayashushe, na anang'olewa tena. Wakikamuliwa ng'ombe sita, mieleka hiyo hupigwa zaidi ya mara sita. Jioni inarudiwa.

Nani anayemng'oa? Baba yuko chini anakamua, au ni mama anayekamua. Anayebaki ni mtoto. Ndama wa asili huzaliwa na kilo kama ishirini hivi, na hapo kweli mtoto anamweza. Lakini ukamuaji unaendelea kwa miezi, na ndama haachi kukua. Akifika miezi minne au mitano amekwisha kumpita uzito mtoto wa darasa la tatu, ambaye mara nyingi hafiki kilo thelathini. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Sisi tunaona ndama mdogo. Mtoto anaona mnyama mwenye njaa aliyekwisha kuonja maziwa, anayetikisa kichwa, anarudi nyuma kwa kishindo na kukanyaga kwa kwato mguu ulio peku. Mtoto anajizungushia kamba kiganjani ili isimponyoke, jambo ambalo hakuna mtu aliyemwambia ni hatari. Ndama akichomoka, kamba inakaza, na kidole kinakwenda nayo.

Halafu anaoga haraka, kama ataoga, na kuifuata shule. Hatulipi ada katika shule za msingi za serikali, na tangu Januari 2016 hatulipi pia kidato cha kwanza hadi cha nne. Ni neema kubwa. Lakini mwalimu hawezi kumfundisha kuandika mtoto ambaye vidole vyake havikunji.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema umri wa chini wa kufanya kazi ni miaka 14, na hata hapo iwe kazi nyepesi isiyodhuru afya wala masomo. Mtu atasema sheria ile inahusu migodi na mashamba ya tumbaku, haihusu mtoto anayemsaidia baba yake nyumbani. Mimi simwiti baba huyo mhalifu. Mtoto wa mfugaji lazima amjue ng'ombe, na atamjulia wapi kama si zizini kwao? Asafishe banda la ndama, awapelekee maji, awachunge karibu na nyumba, ajifunze kumtambua mgonjwa kwa masikio yaliyolegea. Hizo ni kazi za umri wake. Kupigana mieleka na mnyama mzito kuliko yeye, asubuhi na jioni, hakumfundishi ufugaji. Kunamvunja.

Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye, na wazazi wengi huutumia msemo huu kumaliza mjadala: mali ni ya familia, basi kazi ya mali haiwezi kuwa mzigo kwa familia. Msemo ni mzuri, ila tuutazame vizuri. Nundu iko juu ya mgongo wa mwenyewe. Hapa kwetu mwenye ng'ombe ni baba, jina lililoandikwa kwenye kibali cha mnada ni la baba, fedha ya mnada inaingia mfukoni mwa baba, na mgongo unaouma ni wa mtu mwingine. Methali iliyo karibu zaidi na hali hiyo ni ile ya mzigo wa mwenzio kuwa kanda la usufi.

Tunachelewa, halafu tunasifu nguvu

Kuna kazi nne au tano ambazo ndama huzipitia: kuondolewa pembe kama mwenye ng'ombe anataka, kuhasiwa akiwa dume asiyehitajika kwa mbegu, kupewa dawa ya minyoo, kuchanjwa, kuvishwa hereni ya utambuzi. Zote zinahitaji mnyama atulie. Na karibu zote ni nyepesi mapema, nzito baadaye.

Chukua pembe. Ndama wa wiki chache vishina vyake vya pembe bado viko kwenye ngozi, havijashikana na fuvu. Bwana mifugo anachoma sindano ya ganzi, anaweka chuma cha moto, mtu mmoja ameshika kichwa, kazi imekwisha. Mwache apite miezi miwili, kishina kinaanza kuota mzizi kwenye mfupa. Mwache mwaka, unahitaji msumeno, wanaume wanne na mtu wa kuzuia damu, maana pembe ya ng'ombe mkubwa ina uwazi ndani unaofika hadi kwenye fuvu. Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii tunawasomea watoto kila siku, tukifika zizini tunaisahau.

Kuhasi ni hivyo hivyo. Burdizo, koleo la kuhasia, hubana mishipa bila kupasua ngozi, na kwa dume wa miezi michache inahitaji mtu wa kumshika na mtu wa kubana. Wanaofuga maksai wana hoja ambayo siipuuzi: dume akicheleweshwa kuhasiwa hupata shingo nene na nguvu ya kukokota plau. Sawa, wacheleweshe wawili watakaolima. Lakini nimeona maboma ambamo madume kumi hawakuhasiwa mpaka wakawa wanaruka ua, na sababu haikuwa plau wala shingo. Ilikuwa ni "tutafanya wiki ijayo."

Siku yenyewe ikifika, inakuwa sherehe. Vijana wa jirani wanaitwa, dume linakimbizwa zizini, mmoja anashika mkia, mwingine pembe, wa tatu anarushwa kwenye miiba, watu wanashangilia. Jioni inasimuliwa nani alimwangusha nani. Mimi pia nimesimama kwenye ua na kushangilia, sijifanyi mtakatifu. Ila sherehe ile ni tangazo la uzembe wa miezi sita iliyopita. Na aliyerushwa kwenye miiba kesho yake hawezi kupalilia.

Kuna namna ya kumlaza mnyama bila ubabe, na wazee wanaoijua hawana misuli mikubwa. Ndama mdogo unasimama ubavuni mwake, unapitisha mikono juu ya mgongo, mmoja unashika mguu wa mbele wa upande wa pili, mwingine ngozi ya ubavu mbele ya paja, unamvuta akuegemee magotini na kumteremsha taratibu. Mkubwa zaidi unamfunga kamba shingoni, unaizungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, unaizungusha tena tumboni mbele ya kiwele au korodani, halafu unavuta nyuma kwa mstari ulionyooka. Miguu inalegea yenyewe. Mtu mmoja anavuta, mwingine anashika kichwa. Hakuna aliyepigwa teke. Ni ujuzi wa saa moja kufundishwa, lakini semina zetu za ufugaji zinapendelea kueleza faida za mbegu bora.

Usiku wa kuzaa

Sehemu ninayoiogopa zaidi haihusu misuli. Ng'ombe akishindwa kuzaa usiku, bwana mifugo wa kata yuko mbali na simu yake imezimika, anayeingiza mkono ni mtu wa nyumbani. Anauingiza bila glavu. Anatafuta kwato mbili na pua ya ndama, anafunga kamba juu ya vifundo, wanavuta. Wanaojua wanavuta ng'ombe anaposukuma na kupumzika anapopumzika, kuelekea chini kidogo, watu wawili wasizidi. Wasiojua wanajipanga sita kwenye kamba moja, na hapo ndama huvunjika mguu au mama hupasuka ndani. Ndama akitoka, kuna utelezi, damu na kondo la nyuma, na mtu wa kusafisha yote hayo. Mara nyingi ni mama wa nyumba.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walipima watu, mifugo na wanyamapori katika ukanda wetu huu wa Katavi na Rukwa, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Walikuta karibu ng'ombe 7 kati ya kila 100 wana dalili katika damu za kukutana na brusela, ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa leptospira ilikuwa mbaya zaidi: takribani 30 kati ya kila 100, kwa ng'ombe na kwa binadamu. Leptospira husambazwa na mkojo wa wanyama, hudumu kwenye maji na tope, na hupenya mwilini kupitia mchubuko. Kiganja kilichochunwa na kamba kinatosha.

Ugonjwa wa leptospira msomaji anaujua kwa jina jingine. Julai 2022 watu wa Ruangwa mkoani Lindi waliumwa homa ya ajabu na kutokwa damu puani, watatu wakafariki, na nchi nzima ikajifunza kusema homa ya Mgunda. Magazeti yaliandika, redio zikatangaza, kisha tukasahau. Tope la zizi halikusahau.

Sasa fikiria mama anayepata homa za vipindi, viungo vinamuuma, jasho la usiku. Anakwenda kupima malaria. Haipo. Anaambiwa labda taifodi, anakunywa dawa, anapata nafuu kidogo, homa inarudi. Nyumba inauza mbuzi, halafu mwingine. Hakuna aliyemuuliza kama alishika kondo la nyuma kwa mikono mitupu wiki tatu zilizopita. Glavu ndefu za plastiki zinauzwa dukani kwa bei isiyofika ya soda chache. Sabuni ipo. Maziwa yakichemshwa vizuri, nusu ya tatizo la brusela limekufa sufuriani. Kama kuna jambo moja ambalo zahanati zetu zingelianza kesho bila bajeti, ni kumuuliza kila mwenye homa isiyoeleweka: nyumbani mnafuga?

Na mshikaji akivunjika mkono je? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa mwajiriwa aliyeumia kazini. Mama na mtoto zizini kwao hawana mwajiri, hivyo hawapo kwenye kitabu hicho. Kaya yenye bima ya afya angalau ina mahali pa kuanzia. Isiyo nayo inaanzia kwa mfungaji mifupa wa kijijini, na mkono unaunga ukiwa umepinda.

Ng'ombe wametukuta, maarifa hayajatukuta

Lazima tukumbuke kwamba mkoa huu wa Katavi si wa kale katika ufugaji mkubwa. Misitu yetu ilikuwa ya mbung'o, na Wapimbwe, Wakonongo na Wabende walijulikana zaidi kwa kulima, kuwinda na kurina asali. Makundi makubwa ya ng'ombe yalianza kushuka na ndugu zetu Wasukuma kuanzia miaka ya 1970, wakitafuta malisho. Leo, miaka kadhaa tangu Katavi uwe mkoa mwaka 2012, wenyeji wengi nao wanafuga, na hapa mjini kuna kaya zenye ng'ombe chotara wawili nyuma ya nyumba. Hao wa mjini ndio wenye shida ya pekee: ndama wa chotara huzaliwa mzito kuliko wa asili, na anayemshika hakulelewa zizini. Alikuwa mwalimu, au fundi cherehani, akanunua ng'ombe kwa mkopo.

Taifa lina zaidi ya ng'ombe milioni 36, na viongozi huipenda namba hiyo majukwaani. Juni 2025, Bariadi mkoani Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, serikali ikibeba sehemu ya gharama. Naiunga mkono. Chanjo ya homa ya mapafu inaokoa mali ya maskini, na hereni inamsaidia mwenye ng'ombe aliyeibiwa. Ndigana kali nayo, inayoletwa na kupe na kuua ndama wengi, ina chanjo yake iliyotokana na utafiti wa Muguga nchini Kenya miaka ya 1970: sindano chini ya sikio na nyingine ya antibayotiki siku hiyo hiyo. Lakini kila sindano na kila hereni inadai mtu amshike mnyama huyo asitikisike. Chanjo ina bajeti, hereni ina bajeti, gari la mtaalamu lina mafuta. Mshikaji hana fungu.

Mkoa huu ulimtoa Mizengo Pinda, waziri mkuu aliyejulikana nchi nzima kama mtoto wa mkulima. Mtoto wa mfugaji bado hajapata wa kumsemea.

"Baba zetu walishika kwa mikono"

Jibu hilo nimelipata kwa wazee zaidi ya mmoja. Walishika, shikamoo zao. Lakini walikuwa na vijana wengi bomani ambao hawakwenda shule, na hawakuwa na chanjo tatu, hereni na dawa ya minyoo kwa kila ndama. Mnyama alishikwa mara chache maishani mwake. Leo anashikwa kila baada ya miezi michache, na vijana wako darasani au kwenye bodaboda. Kazi imeongezeka, mikono imepungua, na bado tunataka mbinu ileile itoshe?

Wengine wanasema fedha. Kwa bei za mnadani kwetu, dume mmoja aliyeshiba hulipa kibanio cha miti na chenji inabaki. Kibanio cha ndama hakihitaji ujuzi wa ajabu: njia nyembamba ya kama sentimita 45, ndama apite asiweze kugeuka, nguzo zilizozikwa vizuri, fito za pembeni, mti mmoja wa kupitisha mbele na mwingine nyuma. Kwenye eneo la kukamulia, kijizizi kidogo cha ndama chenye lango linalofungwa kwa mkono mmoja, na nguzo fupi ya kumfungia kwa hatamu badala ya mtoto kuwa nguzo. Miti ya msituni ina kibali chake na ni haki iwe hivyo, basi tumia mikaratusi ya kupandwa.

Wanaohamahama wana hoja ya kweli kwamba hawawezi kujenga kila wanapotua. Kwao, jukumu ni la halmashauri: josho lolote linalojengwa au kukarabatiwa liwe na kibanio cha ndama pembeni, na siku ya chanjo itangazwe kuwa itafanyika hapo. Madiwani wa Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika wanapanga bajeti kila mwaka, na ushuru wa minada ya mifugo unaingia kwenye mapato yao. Sehemu yake irudi zizini.

Kwa wewe msomaji uliye na boma, ombi langu ni dogo. Kiangazi hiki, kabla mvua za Novemba hazijaleta ndama wapya, peleka dume mmoja mnadani. Fedha yake usinunulie mtamba. Nunua nguzo, misumari, kamba laini na boksi la glavu, na kumtoa mtoto kwenye kamba ya asubuhi kuanzie siku kibanio kitakapokamilika.